Mtaji kwanza: mwongozo kamili wa kumfundisha mtoto biashara kwa pesa anayoitafuta mwenyewe

Wengi wetu somo la kwanza la pesa tulilipata siku ya Idi au Krismasi. Umevaa nguo mpya, umezunguka kwa mashangazi na wajomba, sarafu zinagongana mfukoni, halafu jioni mama anakunyooshea mkono: "Lete nikuwekee." Unampa. Huzioni tena. Mama hakuwa mwizi. Pesa ile iliingia kwenye unga na sukari, tukala wote. Ila sisi tulichobaki nacho ni kwamba pesa ikikufikia, itumie upesi kabla haijaonekana. Nawafahamu watu wazima wenye mishahara mizuri ambao bado wanaishi hivyo, na ikifika tarehe 10 wanakopa nauli.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa miaka minne hadi kumi na mitatu hivi. Nimeupitia na watoto wangu watatu hapa Morogoro, kwa karanga, mchicha na kuku, na nimeona wapi unakwama. Jambo kubwa ninalotaka ulishike mapema ni hili: mtoto akijua kuurudisha mtaji mahali pake kabla hajaigusa faida, amejifunza biashara. Mtoto aliyeuza sana bila kulijua hilo amejifunza kuuza tu, na kuuza peke yake kunachosha.

Hatua ya kwanza: kubali kwamba pesa ya mtoto ni ya mtoto

Hatua hii ni ya mzazi, na ndiyo ngumu kuliko zote. Kama bado unaona pesa iliyo mkononi mwa mtoto ni akiba ya nyumba, usianze. Utamvunja moyo, na safari ya pili hatakubali.

Kuna siku nyumba itabanwa kweli. Gesi imeisha, mshahara haujatoka, na kopo la mtoto lina 6,000. Basi mkope kama unavyomkopa jirani. Mwombe, asikie neno "naomba". Aandike kwenye daftari lake tarehe na kiasi, mtaje siku ya kulipa, na siku hiyo ikifika mlipe kabla hajadai. Mimi niliwahi kumkopa binti yangu 3,000 nikachelewesha kwa siku mbili. Hakusema kitu. Lakini niliona wiki ile amehamisha kopo kutoka juu ya kabati kwenda chini ya godoro. Nilimlipa na kumwomba radhi, na tangu hapo sijachelewa tena.

Hatua ya pili: sarafu mkononi (miaka minne hadi sita)

Mtoto wa umri huu hajui thamani, anajua picha. Sarafu zetu zimejaa wanyama, tumia hao. Yenye kifaru na mtoto wake ni 50. Ya swala ni 100. Ya simba ni 200. Ya nyati ni 500. Zimwage mkekani mcheze: swala wawili wanabadilishwa kwa simba mmoja, simba wawili na swala mmoja wanatoa nyati. Ndani ya wiki mbili mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa hajui kuandika 200, alikuwa anajua kwamba nyati mmoja hawezi kutoka kwa simba wawili peke yao.

Kisha mtume dukani, duka ambalo unaliona ukiwa mlangoni na mwenye duka anamjua. Mpe nyati akanunue chumvi ya 300. Kabla hajaondoka muulize: "Utarudi na nini?" Akijibu "Na simba mmoja," amekwisha kujua kutoa. Akirudi mikono mitupu usimgombeze. Nenda naye taratibu mkaulize chenji, amkie, aseme mwenyewe kwamba chenji imesahaulika. Kudai haki yako kwa adabu ni somo la biashara kama masomo mengine, tena wengi wetu tunalikosa hadi uzeeni.

Jambo jingine la umri huu ni kuchagua. Mpe simba mmoja wake kabisa, msimame mbele ya kaunta, unyamaze. Pipi, biskuti au kashata? Ataganda. Mwache agande. Watu nyuma yenu watakunja uso; waambie "Samahani, anachagua." Akichagua vibaya akajuta njiani, usimnunulie kingine.

Hatua ya tatu: tenga kazi ya nyumbani na kazi ya malipo (miaka sita hadi minane)

Hapa familia nyingi huharibu. Wakianza kulipa, wanalipa kila kitu, na baada ya mwezi mtoto akiombwa maji ya kunywa anauliza "Shilingi ngapi?"

Kutandika kitanda chake, kuosha sahani aliyolia, kufagia uwanja kwa zamu, kuchota maji, kumpelekea bibi chai: hizo hazina malipo. Anazifanya kwa sababu anakaa humo. Maksi za shule nazo usizilipie, kwa sababu mtoto anayesomea pesa ataacha kusoma siku pesa itakapoisha, na atajifunza kuficha matokeo mabaya.

Kazi ya kulipa ni ile ambayo ungemlipa mtu mwingine kuifanya, au inayoingia moja kwa moja kwenye shughuli yako ya kipato. Kuosha zulia. Kuosha pikipiki ya baba. Kama una genge, kupanga nyanya mafungu. Kama unauza vitumbua, kuchambua mchele siku ya Jumamosi. Kama wewe ni fundi cherehani, kuokota vitambaa na kuvipanga kwa rangi.

Patana kabla ya kazi, kama watu wazima wanavyopatana. Taja kazi yenyewe, imalizike lini, iweje ili ihesabike imekwisha, na bei. Akiona bei ni ndogo mruhusu aseme, na akikataa kazi asiadhibiwe, kwani kazi inayolipwa mtu ana haki ya kuikataa. Ila akishakubali, aimalize. Zulia likibaki na sabuni pembeni, hakuna malipo ya nusu. Anarudi kusuuza, ndipo analipwa, na analipwa papo hapo. Usimwambie "nitakupa kesho" mtoto aliyelowa magoti.

Hatua ya nne: mpe mtaji wa mkopo, usimpe zawadi

Akifika miaka minane au tisa, akawa amekwisha kulipwa mara kadhaa na kutunza kidogo, muulize kama angependa kuwa na biashara yake wakati wa likizo. Akisema hapana, mwache. Wa kwangu wa kati alikataa mwaka mzima.

Akikubali, kuna kishawishi cha kumnunulia kila kitu: karanga, chumvi, mkaa, vyote vitoke jikoni kwako. Usifanye hivyo. Mtoto aliyepewa kila kitu bure anaamini mauzo yote ni faida. Anauza 6,000, anaziona 6,000 ni zake, anazila, na kesho yake anarudi kwako kuomba tena karanga. Huo ndio ugonjwa unaoua vibanda vingi mitaani. Mtu anafungua, anauza kweli, baada ya miezi miwili tunaambiwa mtaji umekata. Mara nyingi haukukatika, uliliwa.

Kwa hiyo mkopeshe. Kiasi kidogo, tuseme 5,000, bila riba. Andikeni karatasi fupi: fulani amekopa kwa mama 5,000 tarehe hii, atalipa 500 kila akimaliza kuuza awamu moja, awamu kumi. Weka sahihi, naye aandike jina lake. Bandikeni karatasi ukutani. Kama ana chake cha kuchangia, hata 1,000 aliyoipata kwa kuosha zulia, bora zaidi. Pesa ya jasho lake ataichunga kuliko ya kwako.

Kuna njia nyingine inayofanana na hii, mali kauli. Bibi anatengeneza visheti, anampa mtoto ishirini, jioni mtoto anarudisha fedha ya bibi na kubaki na sehemu yake. Ni nzuri kwa kuanzia maana hakuna kupika wala kununua. Lakini haimfundishi gharama, kwa hiyo isiwe ya miaka nenda rudi.

Hatua ya tano: chagueni biashara inayofaa mikono midogo

Biashara ya mtoto iwe na mambo manne: mtaji wake ni mdogo, inazunguka haraka, haiozi siku hiyo hiyo, na haimpeleki mbali na nyumbani. Karanga za kukaanga zinakidhi yote. Ubuyu nao ni mzuri, ila sukari inayochemka inaunguza vibaya, hivyo mapishi yawe ya mkubwa na mtoto afungashe. Barafu za maji zinalipa sana wakati wa joto. Tatizo ni umeme, ukikatika usiku mzigo wote unakuwa maji.

Mchicha unafaa kwa mtoto mwenye subira. Tuta moja la hatua nne kwa mbili, samadi iliyoiva, mbegu, na maji asubuhi na jioni. Kati ya wiki tatu na nne unavuna. Hapo mtoto anajifunza kitu ambacho karanga hazifundishi, yaani kusubiri bila kuona kitu na bado kumwagilia.

Kuku ni somo refu zaidi. Mpe mtoto tetea mmoja wa kienyeji awe wake kwa jina. Mayai yanaatamiwa siku 21, vifaranga vinahesabiwa, mwewe anachukua wawili, na mtoto anaona mali inavyoongezeka na kupungua bila mtu kuuza. Ila usimkabidhi mtoto kuku bila chanjo ya kideri, ile ambayo wengine wanaiita mdondo. Matone ya jicho, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Kideri kikiingia bandani kinaweza kufagia kundi zima kwa siku chache, na kumwonyesha mtoto banda tupu kwa uzembe wa mkubwa si somo, ni dhuluma.

Hatua ya sita: karanga, mwanzo hadi mwisho

Nitaieleza hii kwa urefu kwa sababu ukiielewa moja, nyingine zote utazipanga mwenyewe. Bei ninazotaja ni za mfano. Weka za sokoni kwako.

Nendeni sokoni pamoja. Sisi tulikwenda Kingalu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mpe mtoto pesa azishike yeye, ukae nyuma hatua mbili. Apitie wauzaji watatu aulize bei ya kilo kabla ya kununua popote. Binti yangu aliuliza kwa wa kwanza akataka kulipa hapo hapo, kwa aibu ya kuondoka baada ya kuuliza. Nilimnong'oneza amwambie mama yule, "Asante, naangalia kidogo nitarudi." Alikwenda, akakuta mahali pengine bei imeshuka kwa 300, akarudi kwa yule wa kwanza, akamweleza, na yule mama akapunguza. Kilo moja, 4,000. Alitoka pale anatembea kama amerefuka.

Nyumbani, kabla ya moto, ni kuchambua. Hapa usifanye haraka. Mwaga karanga kwenye ungo mweupe au sinia, kaeni penye mwanga. Zilizosinyaa, zilizotoboka, zenye ukungu wa kijani au weusi, na zenye rangi iliyofifia, zote nje. Mweleze mtoto sababu: karanga na mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu hupata ukungu unaotoa sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mtoto anaelewa hili vizuri kuliko tunavyodhani. Aliyechambua mwenyewe ataona gramu 50 zimekwenda taka na zinamuuma kwa kuwa alizilipia. Hapo ndipo anapojua kuchagua mzigo sokoni. Safari ya pili binti yangu alichota kiganja, akazipuliza, akanusa, akamwambia muuzaji, "Hizi za chini za mwaka jana."

Kuku msiwape zile mbovu. Sumu ni ile ile.

Kukaanga ni kazi ya mkubwa, mtoto akisimama hatua mbili kutoka jikoni. Loweka karanga kwenye maji ya chumvi dakika kumi, chuja, zikauke kidogo, kisha kaanga kwa moto wa wastani huku ukikoroga bila kuacha mpaka zitatarike na moja ukiipasua iwe na rangi ya hudhurungi hafifu ndani. Ziepue kabla hujaridhika, kwa maana zinaendelea kuiva zenyewe zikiwa za moto. Zikipoa kabisa ndipo zifungwe, zikifungwa na moto zinatoa jasho na kuwa laini.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni na kufunga nywele. Vipimo viwe kwa kijiko kimoja kile kile kwa kila pakiti, kijiko cha chakula, vitatu vilivyosawazishwa juu. Funga kwenye karatasi nyeupe safi iliyokunjwa pembe. Gazeti lisitumike, wino wake unahamia kwenye chumvi na mafuta. Kilo yetu ilitoa pakiti 36.

Sasa bei. Mwache mtoto aitaje kwanza. Wa kwangu alisema 100, kwa sababu mtoto wa nyumba ya tatu anauza 100. Tukakaa na daftari: karanga 4,000, mkaa 500, chumvi na karatasi 500, jumla 5,000. Gawanya kwa pakiti 36, kila pakiti imegharimu karibu 139 kabla hajapata hata senti. Akiuza zote kwa 100 anapata 3,600, na 1,400 imepotea. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo yule anapata hasara?" Nikamwambia labda pakiti zake ni ndogo, akaangalie. Alirudi mbio: zilikuwa ndogo karibu nusu. Akaamua 200, na kwamba akiulizwa atasema zake ni vijiko vitatu.

Hatua ya saba: daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mtoto daftari ndilo linalogeuza mchezo kuwa biashara. Liwe la kurasa 40, la kawaida. Usimchoree majedwali ya kitaalamu. Ukurasa wa kwanza wa binti yangu ulisomeka hivi, nimerekebisha herufi tu:

Jumamosi. Mtaji 5,000.
Karanga 4,000. Mkaa 500. Chumvi na karatasi 500.
Pakiti 36. Nimeuza 31. Nimekula 3. Nimewapa rafiki 2.
Mauzo 6,200.
Mtaji unarudi 5,000. Faida 1,200.

Mstari wa tatu ndio wenye thamani kuliko yote. Kama angeuza zote 36 angepata 7,200, na faida ingekuwa 2,200. Pakiti tano zilizoliwa na kugawiwa zimechukua 1,000, karibu nusu ya faida. Sikumwambia aache kula wala aache kuwapa wenzake. Mtoto mchoyo simtaki. Nilimwambia aandike. Awamu ya pili alikula moja, akatoa moja, kwa hiari yake.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya mashamba hayo. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi miaka ya baadaye tunakumbuka majembe na ndoo za samadi. Hesabu ya mahindi yaliyouzwa hatukuonyeshwa. Tulijua kulima, hatukujua shamba limeingiza nini na limetumia nini. Usirudie kosa hilo nyumbani kwako: anayefanya kazi aone hesabu, hata kama ana miaka minane.

Hatua ya nane: kuuza

Mfundishe maneno. Mteja akifika, mtoto aamkie kwanza. "Shikamoo, karibu karanga." Akinunua: "Asante, karibu tena." Asiponunua, asante ile ile. Fanyeni mazoezi, wewe ukiwa mteja mkorofi anayesema karanga zimeungua. Asibishane, amwonjeshe moja. Biashara haigombi.

Akiombwa nyongeza, awe ameshaamua nyumbani. Anaweza kuweka kikombe kidogo cha karanga za nyongeza, chache, zikiisha zimeisha.

Chenji iandaliwe usiku: swala na simba wa kutosha ndani ya kikopo. Mteja wa kwanza akileta noti ya 5,000, mtoto asikimbie nayo mitaani kutafuta chenji, amwombe mteja arudi au amwite mkubwa. Mteja wa kulipa kwa simu alipe kwenye simu ya mzazi, na mzazi ampe mtoto fedha taslimu wakati huo huo.

Kuna jambo linalonikera na nitalisema wazi. Wapo watu wazima wanaochukua bidhaa kwa mtoto na kusema "nitakulipa kesho", wakijua mtoto hawezi kumdai mkubwa. Jirani mmoja alichukua pakiti nne kwa mtindo huo, na mwanangu akawa anamkwepa njiani, yeye mdai akimwonea aibu mdaiwa. Baada ya hapo tulitafuta sentensi ya kujikinga: "Samahani shangazi, mtaji wenyewe ni wa mkopo, mama amenikataza kukopesha." Inamwokoa mtoto, na lawama inabaki kwangu, mimi ninaweza kuibeba. Deni lile nililifuata mwenyewe. Mtoto hapaswi kutumwa kudai kwa mtu mzima.

Hatua ya tisa: makopo matatu

Tafuta makopo matatu ya maziwa, yaandike: Mtaji, Akiba, Mkononi. Kibubu kinafaa kwa akiba tu. Mtaji haukai kwenye kibubu, kwani unahitajika kila wiki.

Jioni ya mauzo, kabla ya kula, pesa zote zinamwagwa mezani. Kwanza 5,000 inarudi kwenye kopo la Mtaji. Hapo hapo, mbele ya macho, kabla ya neno lolote kuhusu faida. Ifanyeni kila mara bila kuruka, hata kama mauzo ni mabaya. Kinachobaki juu ya meza ndiyo faida. Kwenye ile 1,200 ya kwanza, 500 ililipa mkopo na kufutwa kwenye karatasi ukutani. Ikabaki 700. Akaweka 300 Akiba, 100 akaiongeza kwenye Mtaji, 300 Mkononi, na katika hiyo akatoa 100 ya sadaka mwenyewe.

Mgawanyo wa faida ni wake, wewe shauri tu. Mtaji pekee ndio hauna mjadala. Pesa ya Mkononi akiimaliza yote kwa soda na pipi siku hiyo hiyo, sawa, ni yake na ameitafuta. Akiba iwe na jina: baiskeli, viatu vya mpira, jogoo. Akiba isiyo na jina haikai. Ikizidi kopo, benki nyingi hapa nchini zina akaunti za watoto ambazo mzazi au mlezi ndiye anayezifungua na kuzisimamia. Nenda naye, aikabidhi pesa kwa mkono wake dirishani.

Hatua ya kumi: hasara ikija

Itakuja. Mvua ya siku tatu, karanga zilizoungua, mtoto aliyeangusha sinia mchangani. Moyo wako utataka kumfidia. Jizuie. Kaa naye, andikeni hasara kwenye daftari kama mlivyoandika faida, na muulize kopo la Mtaji lina kiasi gani. Karanga zetu za awamu ya nne ziliungua kwa uzembe wangu, nilipokea simu nikaacha kukoroga. Hiyo nililipa mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Lakini ya awamu ya sita, alipoacha pakiti nje usiku zikalowa umande, ilikuwa yake. Mtaji ulibaki 2,600. Alilia kidogo, kisha akauliza, "Nusu kilo naweza?" Nusu kilo, mkaa kidogo na karatasi zilizobaki. Akaanza tena na nusu kilo, na mkopo tukauahirisha kwa awamu mbili kwa maandishi.

Heri hasara ya 2,400 akiwa na miaka tisa, mama yupo pembeni, kuliko ya milioni mbili akiwa na miaka thelathini.

Mipaka isiyovukwa

Mtoto auzie kibarazani kwenu au mahali ambapo mkubwa anamwona kwa macho. Asizunguke nyumba kwa nyumba peke yake, asiingie ndani kwa mteja hata akiitwa na mtu anayemjua, asikimbilie mabasi wala magari kwenye foleni. Saa moja na nusu au mbili kwa siku zinatosha, siku mbili au tatu kwa wiki, na kabla ya magharibi vitu vinaingizwa ndani. Shule ikifunguliwa, biashara inarudi Jumamosi tu, na wiki ya mitihani inasimama.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi ya ajira, tena kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kumzuia kusoma, na imepiga marufuku kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wako anayejifunza kibarazani hajaajiriwa, lakini mstari ni mwembamba na unapaswa kujua uko wapi. Kipimo changu ni swali moja: asipouza leo, kuna mtu atakosa chakula? Kama jibu ni ndiyo, hilo si somo tena, ni mzigo wa nyumba umewekwa juu ya kichwa kidogo. Silaumu nyumba iliyofika hapo, najua maisha. Ila nyumba hiyo itafute msaada wa ndugu au serikali ya mtaa, na mtoto apumzishwe.

Kufunga hesabu

Likizo ikiisha, au mtoto akichoka, biashara ifungwe kwa utaratibu, isife tu. Kaeni siku moja mezani. Pakiti zilizobaki zihesabiwe, wanaodaiwa waandikwe, mkopo wa mama ulipwe wote, na karatasi ya ukutani ichanwe na mtoto mwenyewe. Kisha kopo la Mtaji lifunguliwe. Kilichomo, baada ya mkopo kuisha, sasa ni mtaji wake mwenyewe asiodaiwa na mtu. Unaweza kukaa humo mpaka likizo ijayo, au kuhamia kwenye biashara nyingine, lakini haugeuki kuwa pesa ya Mkononi.

Binti yangu alifunga Januari, siku mbili kabla ya shule. Kopo lilikuwa na 4,700. Alizihesabu mara mbili, nyati upande huu, simba upande ule, akazirudisha, akafunika, akaniuliza tetea wa kienyeji sokoni anauzwaje. Nilimwambia tutakwenda Jumamosi, akaulize kwa wauzaji watatu.